Hundi ilikwenda kwa kampuni ya zamani, ripoti ya krediti inasema nilichelewa. Nifanyeje?

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni Mkenya ninayeishi Dallas, Texas, na nina nyumba niliyonunua kwa mkopo. Kila mwezi nalipa dola 1,640, na siku ya kulipa ni tarehe 1. Mwezi wa pili nililetewa barua kwamba kuanzia 1 Machi mkopo wangu utakuwa chini ya kampuni nyingine. Niliiweka kando nikidhani ni matangazo. Malipo yangu huwa nimeyapanga benki yaende yenyewe, kwa hiyo 27 Februari benki ilikata pesa na kutuma hundi kwa kampuni ya zamani kama kawaida. Kampuni mpya inasema pesa za Machi ziliingia kwao 8 Aprili. Za Aprili niliwalipa wenyewe, tarehe 10.

Sasa ripoti yangu ya krediti ina doa: Machi, siku 30 za kuchelewa. Alama zimeshuka kutoka 748 hadi 671. Nilipinga mtandaoni kwa shirika moja kati ya yale matatu yanayotunza ripoti hizi, nikachagua jibu la kwamba sikuchelewa. Siku chache baadaye wakanijibu kwamba taarifa imethibitishwa kuwa sahihi. Nikapigia kampuni mpya simu, mhudumu akasema ameshanirekebishia kwenye mfumo, lakini mpaka sasa hivi, mwezi wa sita, doa liko palepale. Nilitaka mwezi wa tisa nibadilishe mkopo nipate riba ya chini.

Kuna jamaa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp anayesafisha krediti kwa dola 600, na anasema ikishindikana atanipa namba mpya ya tarakimu tisa ya kuombea mikopo. Nikubali? Na nikishasafishwa, napewa cheti kama kile cha CRB (ofisi ya kumbukumbu za mikopo) kule nyumbani?

Mwenye nyumba, Dallas

JIBU

Dada, hizo dola 600 kaa nazo. Kesi yako ina nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu sheria ya Marekani ina kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya tatizo hilihili, na inaonekana hakuna aliyekutajia.

Mkopo wa nyumba unapohama kutoka kwa mpokea malipo mmoja kwenda kwa mwingine, Kanuni X ya sheria ya RESPA ya 1974 (sheria ya mikopo ya nyumba), kifungu 1024.33, inakupa kinga ya siku 60 kuanzia tarehe ya kuhama. Ndani ya siku hizo, malipo yakiingia mikononi mwa kampuni ya zamani kabla ya siku yake kupita, pamoja na zile siku za nyongeza zilizomo kwenye mkataba wako, hayaruhusiwi kuhesabiwa kuwa yamechelewa kwa jambo lolote lile, iwe ni faini au ripoti ya krediti. Kwako kinga ilianza 1 Machi ikaisha 29 Aprili. Nayo kampuni ya zamani ilikuwa na njia mbili tu: kuipeleka pesa kwa kampuni mpya bila kukawia, au kukurudishia na kukueleza ni nani wa kulipwa. (Kinga hii ni ya mikopo ya nyumba. Mwenye mkopo wa gari asiitegemee.)

Ila kuna sharti ambalo bado hujalithibitisha. Kinachohesabiwa ni siku hundi ilipoingia kwa kampuni ya zamani, si siku benki ilipokata pesa zako. Taarifa ya benki inayoonyesha 27 Februari haisemi hundi ilikaa posta siku ngapi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza iko benki: waombe picha ya hundi hiyo, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kuna muhuri na tarehe ya kuwekwa kwenye akaunti ya kampuni. Kama benki itakwambia kumbe pesa zilikwenda kielektroniki, omba barua yenye namba ya ufuatiliaji na tarehe zilipopokelewa. Halafu toa ile hati ya ahadi ya kulipa uliyotia saini siku ya kununua nyumba, usome siku za nyongeza ni ngapi. Mikopo mingi ina 15, yaani kwako hadi 16 Machi. Hundi ikiwa iliingia tarehe 3 au 4, hoja yako imekamilika. Ikiwa ilizagaa posta ikafika 20 Machi, kinga ya siku 60 inakutoka, ingawa bado una hoja kwamba pesa zilikuwa zimeshapokelewa kabla siku 30 hazijatimia.

Siku 15 na siku 30 watu huzichanganya sana. Baada ya siku za nyongeza unatozwa faini, basi. Doa la kuchelewa huandikwa kwenye ripoti pale tu malipo yanapopitisha siku 30 tangu tarehe yake. Ndiyo maana malipo yako ya Aprili, uliyolipa tarehe 10, hayapaswi kuwa na tatizo kwenye ripoti.

Kwa nini pingamizi lako la mtandaoni liligonga mwamba haraka hivyo? Ukibofya, shirika la krediti huligeuza lalamiko lako kuwa fomu fupi yenye msimbo wa sababu na maelezo machache, kisha huituma kwa kampuni ya mkopo kupitia mfumo uitwao e-OSCAR. Karani wa kampuni huifungua, hutazama kompyuta yake, huona “Machi: imeingia 8 Aprili”, hulinganisha na kilichomo kwenye ripoti, huona vinafanana, hubonyeza “sahihi”. Hakuna aliyeuliza hundi ilikuwa wapi wiki zile tano. Ulisema tu kwamba hukuchelewa. Hukumpa karani kitu cha kumlazimisha aangalie kingine. Na ukirudia pingamizi lilelile bila ushahidi mpya, shirika lina haki ya kulitupa kwa kuliita lisilo na msingi, ingawa ni lazima likujulishe ndani ya siku 5 za kazi. Safari hii nenda na karatasi.

Kabla ya kuandika chochote, chukua ripoti zote tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Zinapatikana bure, hata kila wiki, kwenye AnnualCreditReport.com. Usitegemee programu ya simu inayokuonyesha alama tu. Mkopo wako pengine umeandikwa mara mbili, mara moja kwa jina la kampuni ya zamani, ukiwa na salio sifuri na maneno kwamba umehamishwa, na mara ya pili kwa jina la kampuni mpya. Angalia doa liko kwenye ipi, na kama liko kwenye ripoti zote tatu au mbili. Tazama pia Aprili, Mei na Juni. Malipo ya mwezi mmoja yakipotea, mfumo huchukua malipo ya mwezi unaofuata na kuziba pengo la nyuma, na hapo kila mwezi huandikwa siku 30 mpaka pengo lifungwe. Ukikuta hivyo, pinga kila mwezi kwa kuutaja. Angalia na jina lako. Wengi wetu tuna majina matatu, na mashirika haya huyakata au huyageuza. Andika barua kwa jina lilivyo kwenye ripoti, ukitaja na la kwenye kitambulisho kama yanatofautiana.

Kisha kusanya: picha ya hundi pande zote mbili, barua ya kuhamishwa mkopo (ile uliyoiweka kando, na ya kampuni mpya kama ilikuja peke yake), ukurasa wa hati ya ahadi wenye siku za nyongeza, historia ya malipo kutoka kampuni zote mbili, na ukurasa wa ripoti wenye doa, ukilizungushia kalamu. Tuma nakala peke yake. Hati halisi zisiondoke nyumbani.

Barua ya kwanza ni kwa kampuni mpya, na hapa ndipo wengi hukosea anuani. Chini ya Kanuni X, kifungu 1024.35, barua hii inaitwa taarifa ya kosa, na kampuni ikiwa imetenga anuani maalumu ya kupokelea makosa, ni lazima uitume huko. Anuani hiyo iko kwenye tovuti yao au kwenye taarifa yako ya mwezi, mara nyingi kwa herufi ndogo. Ukiituma kule unakopeleka malipo, au ukiandika lalamiko pembeni ya kikaratasi cha malipo, haihesabiki. Simu nayo haihesabiki, hata mhudumu awe mwema namna gani. Alichokirekebisha yule wa kwako huenda ni faini tu, au ni maelezo kwenye skrini yao. Kubadilisha kilichoko kwa mashirika matatu ni hatua nyingine, na bila karatasi huwezi kujua kama iliwahi kuchukuliwa.

Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini mtiririko wake uwe hivi:

“Hii ni taarifa ya kosa kwa mujibu wa kifungu 1024.35. Mkopo namba fulani ulihamia kwenu 1 Machi. Malipo ya Machi, dola 1,640, yalipokelewa na kampuni iliyotangulia tarehe 3 Machi, kama picha ya hundi inavyoonyesha, ndani ya siku za nyongeza na ndani ya siku 60 za kifungu 1024.33(c)(1). Nyinyi mmeyahesabu kuwa yamechelewa na kuyaripoti hivyo. Naomba: mrekebishe akaunti ionyeshe Machi ililipwa kwa wakati, mrudishe faini yoyote mliyotoza, mpeleke marekebisho kwa Equifax, Experian na TransUnion, na mnipe barua yenye nembo yenu inayosema mmefanya hivyo.”

Weka tarehe iliyoko nyuma ya hundi, si hiyo 3 Machi niliyoitolea mfano. Usiongeze malalamiko juu ya huduma mbovu wala jinsi ulivyokosa usingizi. Karani anatafuta namba na tarehe. Kampuni inatakiwa kukiri kupokea ndani ya siku 5 za kazi na kujibu ndani ya siku 30 za kazi. Inaweza kujiongezea 15, lakini kwa kukuandikia. Haikutozi kitu. Na kwa siku 60 tangu ipokee barua hiyo, haina ruhusa ya kupeleka taarifa mbaya yoyote kwa shirika la krediti kuhusu malipo unayoyapinga. Nakala ya pili, ukibadilisha maneno machache, ipeleke kwa kampuni ya zamani, kwa kuwa kutohamisha taarifa za akaunti kwa usahihi nako ni kosa linalotajwa na kifungu hichohicho. Kwao una mwaka mmoja tu tangu mkopo ulipohama. Ukipita, hawalazimiki kukujibu.

Barua za kundi la pili ni kwa mashirika ya krediti, kila moja lenye doa na bahasha yake. Equifax ni P.O. Box 740256, Atlanta, GA 30374. Experian ni P.O. Box 4500, Allen, TX 75013. TransUnion ni P.O. Box 2000, Chester, PA 19016. Weka jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security (ya hifadhi ya jamii), anuani, nakala ya leseni na bili moja ya nyumbani. Kisha eleza mwezi unaopingwa na ushahidi wako kwa mistari isiyozidi kumi. Omba Machi ibadilishwe kutoka “30” kuwa iliyolipwa kwa wakati. Usiombe akaunti nzima ifutwe. Wasafishaji hupenda kufanya hivyo, matokeo yake historia yako yote nzuri ya kulipa nyumba inaondoka pamoja na doa.

Unaweza kuuliza, kama kampuni mpya itarekebisha, mashirika ya nini? Ni kwa sababu ya mlango wa mahakama. Sheria ya ripoti za krediti, FCRA ya 1970, inakuruhusu kuishtaki kampuni kwa uchunguzi wa ovyo pale tu pingamizi lilipopitia shirika la krediti. Ukiandikiana na kampuni peke yake kwa mwaka mzima, haki hiyo ya kushtaki haijazaliwa. Kwa hiyo barua zote ziondoke siku moja, kwa posta ya kuthibitishwa yenye kadi ya kijani inayorudi kwako imesainiwa (si ile ya uhamiaji). Kadi hizo zitunze. Ndizo zinazoonyesha siku zilianza kuhesabiwa lini.

Shirika lina siku 5 za kazi kupeleka lalamiko na ushahidi wako kwa kampuni, na siku 30 kumaliza uchunguzi. Siku hizo hufika 45 ukituma nyongeza katikati, au ukipinga baada ya kuchukua ripoti ya bure ya mwaka, na kwa kuwa wewe utaanza na ripoti hiyo, piga hesabu ya 45. Kampuni isipojibu, au ikishindwa kuthibitisha, taarifa ni lazima irekebishwe au iondolewe. Jibu la maandishi hukujia ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kwisha.

Wakikubali, fanya mambo matatu. Waombe wapeleke ripoti iliyorekebishwa kwa kila aliyeiona miezi 6 iliyopita. Hakikisha yale maneno ya “akaunti inapingwa na mteja” yameondolewa, maana wakopeshaji wa nyumba wengi husimamisha faili wakiyaona, hata kama doa lenyewe halipo tena. Tena chukua ripoti upya baada ya miezi miwili: kampuni hupeleka faili lake kila mwezi, na ikiwa kumbukumbu zake za ndani hazikurekebishwa, doa hurudi. Taarifa iliyofutwa ikirudishwa, shirika linatakiwa kukujulisha ndani ya siku 5 za kazi. Lisipofanya hivyo, umepata kosa jipya la kuwashika nalo.

Wakikataa tena, waandikie wakueleze walichunguza vipi na walimuuliza nani. Wana siku 15 za kukujibu. Halafu peleka lalamiko CFPB (ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha) kwenye tovuti yao, ukiambatisha mafaili yaleyale, dhidi ya kampuni na shirika kwa majalada tofauti. Malalamiko ya huko mara nyingi hutoka mezani kwa karani yakafika kwa mtu mwenye mamlaka. Una haki pia ya kuweka maelezo yako ya maneno 100 kwenye ripoti. Mimi sikushauri upoteze muda nayo. Kompyuta inayopiga alama haiyasomi. Bora mwanasheria wa watumiaji. Chama cha NACA kina orodha yao kwa kila jimbo. FCRA inamtwisha aliyeshindwa gharama za wakili wako, na kwa kosa la makusudi kuna fidia ya dola 100 hadi 1,000 hata bila kuthibitisha hasara, kwa hiyo wengi wao huchukua kesi safi kama yako bila malipo ya mbele. Una miaka 2 tangu ulipogundua kosa.

Ikiwa picha ya hundi itakugeuka, yaani ilifika kwao Aprili kweli, basi usidai kwamba hukuchelewa. Waandikie barua ya kuomba hisani: eleza mkopo ulihama, onyesha miezi yote uliyolipa vizuri, omba waondoe doa hilo moja. Hawalazimiki, lakini wapo wanaokubali. Wakikataa, doa hukaa miaka 7, ingawa uzito wake hupungua kadiri linavyozeeka.

Kuhusu Septemba: ukituma barua wiki mbili za kwanza za mwezi huu wa sita, majibu ya mashirika yatakuwa yamefika kufikia katikati ya Agosti, na ya kampuni hayatapita Agosti kwisha hata kama itajiongezea zile siku 15. Ukichelewa, mwambie ofisa wa mkopo mpya mapema. Ukiwa na ile barua ya nembo kutoka kwa kampuni, yeye anaweza kuomba alama zipigwe upya kwa haraka, kazi ya siku chache. Huduma hiyo haiuzwi kwako moja kwa moja, ni lazima mkopeshaji aiombe. Na usifungue kadi mpya wala mkopo wa gari hadi hapo.

Cheti hakuna. Hapa si kama CRB, kwamba ulikuwa umeorodheshwa na sasa umeondolewa, chukua karatasi. Ripoti yenyewe iliyorekebishwa ndiyo ushahidi wako, pamoja na barua ya kampuni.

Na yule jamaa. Sheria ya 1996 ya wasafishaji krediti inamkataza kupokea hata senti kabla hajamaliza kazi, inamtaka akupe mkataba wa maandishi, na inakupa siku 3 za kazi kuuvunja. Akidai dola 600 mkononi, ameshavunja sheria kabla hajaanza. Ile namba ya tarakimu tisa, wanaiita CPN, mara nyingi ni namba ya Social Security ya mtoto, mzee au mfungwa iliyoibwa. Ukiijaza kwenye fomu ya mkopo, anayedanganya benki ni wewe uliyetia saini, na hilo ni kosa la jinai la serikali kuu. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinaendelea, kesi ya namna hiyo inaweza kumtoa nchini. Mtumie ujumbe kwamba huhitaji, halafu piga simu benki uulize picha ya hundi. Ukiwa nao kwenye simu, waambie pia wafute malipo yaliyopangwa kwenda kwa kampuni ya zamani, maana mpangilio huo hauhami na mkopo, na hujasema kama uliufuta.